Gari Iliyopata Pumzi

Waulize watu wa Lurambi nani alikuwa wa kwanza kufunga intakula kwenye gari ambayo haikuzaliwa nayo. Watakwambia ni mimi. Wengine watasema kwa kununa, maana hawapendi kunisifu, lakini watasema. Niliacha shule darasa la nne. Mwalimu alinituma nyumbani nikalete karo, nikapitia kwa fundi wa baiskeli kutazama kidogo, na mpaka leo sijarudi. Kila nilicho nacho nilikipata kwa mikono hii: gereji yenye mashimo ya saruji ya kuingilia chini ya magari, nyumba ya matofali, shamba la miwa upande wa Butali, na ile stesheni wagoni ya dizeli ninayotaka kuisimulia hapa.

Ilikuwa miaka ya miwa. Asiyeiona hawezi kuamini. Hewa yenyewe ilinuka molasi, na matrekta yalivuta trela zilizojaa mpaka miwa ikaburuzika kwenye lami kama mikia. Mtu aliyekuwa anakwenda sokoni kwa miguu, ukigeuka hivi unamkuta ndani ya pikapu, kofia mpya kichwani, na hajui kurudi nyuma. Ananiletea. "Fundi, hii kitu inalia." Naisikiliza, naiponya. Nilikuwa naponya magari ya watu waliosoma na ya watu wasiosoma, na wote walinisubiri kwenye benchi moja.

Stesheni yangu ilikuwa ya Kifaransa, ndefu, imeinama nyuma kama fisi, ina viti vya safu tatu. Injini yake ilikuwa na turbo, lakini turbo ya zamani. Nieleze, maana hata wenye vyeti huwa hawalielewi jambo hili vizuri. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe. Inashika hewa, inaibana, inaisukuma ndani. Injini ikila hewa nyingi inachoma dizeli nyingi, inapata nguvu. Sasa, hewa ukiibana inapata moto. Shika pampu ya baiskeli ukimaliza kujaza gurudumu, utalijua hilo bila kwenda chuo. Na hewa ya moto ni nyepesi, haishibishi. Kwa hiyo magari yaliyokuja baadaye yaliwekewa intakula, yaani rejeta ya hewa: hewa inatoka kwa turbo inachemka, inapita humo ikapoa, ndipo inaingia kwa injini. Yangu iliundwa kabla watu hawajapata akili hiyo. Kwenye tambarare ilikimbia vizuri. Ikiona mlima mrefu ilikohoa moshi mweusi, mshale wa joto ukapanda, na maji yakachemka.

Na mlima ulikuwa lazima, kwa sababu mke wangu aliugua moyo.

Daktari wa hapa Kakamega alisema umepanuka, kama mpira uliojazwa kupita kiasi, hausukumi damu tena inavyotakiwa. Miguu ilivimba. Kulala chali hakuweza, alilala ameketi, mito nyuma yake, na mimi nasikia pumzi yake inavyotafuta njia. Tukaandikiwa twende Eldoret, hospitali kubwa, ambako daktari wa moyo aliketi siku moja tu kwa juma. Asubuhi kadi za wagonjwa zinakusanywa. Kadi yako ikikosa kuwa kwenye furushi hilo, rudi juma lijalo. Kubanwa na abiria wengine hakuweza. Kwa hiyo ni gari yangu, na njia yetu ilikuwa ile inayopita Kaimosi na kupanda Nandi.

Mara ya kwanza gari ilichemka katikati ya mlima. Tukakaa kando ya barabara nikisubiri ipoe, nikiimwagia maji kidogo kidogo. Tulipofika kadi zilikuwa zimeshakusanywa. Mara ya pili vilevile. Nesi aliitazama miguu ya mke wangu, akaitazama saa ya ukutani, akasema, "Pole, mama." Basi. Pole, mama, na mlima wote ule.

Tukiwa tunarudi siku hiyo mke wangu alicheka, akasema, "Baba Watoto, mimi na hii gari yako tuna ugonjwa mmoja. Hatuna pumzi."

Sikucheka. Nilimwambia hiyo ni mara ya mwisho kuchelewa. Nilimwambia mlima huo nitaupanda kama napanda ngazi ya nyumba yangu, na kadi yake itakuwa juu ya furushi. Aliniamini. Alikuwa ananiaminia mambo mengi, na mengi niliyatimiza.

Hapo ndipo mama yake alipokuja kutoka Butere kumuuguza.

Kwa wasiojua: kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hamsalimiani kwa mkono, hamli meza moja, macho hayakutani. Ukimwona anakuja kwa njia, mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima kubwa mno isiyoweza kusimama karibu. Mchungaji wetu huhubiri kwamba hayo ni ya zamani, lakini hata yeye, mama mkwe wake akitokea kanisani, huwa anakumbuka kitu alichosahau nyumbani. Basi yule mama alikaa jikoni, kwenye nyumba ya nje, na nikitoka mlango wa mbele yeye anaingia migombani. Mwezi mzima sikumwona isipokuwa kisigino.

Shida ni kwamba mke wangu sasa hakuweza kukaa peke yake kwenye kiti. Alihitaji mtu wa kumshika. Binti zetu waliolewa mbali, vijana wako Nairobi wanapiga simu. Aliyebaki ni mama yake, na mama yake hawezi kuketi ndani ya gari moja na mimi, pua yake kwenye kisogo changu, kutoka Lurambi mpaka Eldoret.

Mtu mwingine angekwama. Mimi nilinunua kitambaa kizito, cha buluu, chenye maua, nikakitundika kwa waya nyuma ya kiti cha dereva, kutoka darini mpaka sakafuni. Mbele dereva, nyuma wanawake, katikati ukuta.

Fundi wa kulehemu, jirani yangu wa gereji, mtu ambaye hajawahi kunitakia mema bila kutia chumvi, alikuja akazunguka gari.

"Hii ni gari ama ni wodi ya wazazi?"

"Ni gari ya mtu mwenye adabu."

"Na kioo cha kuonea nyuma kitafanya kazi gani?"

"Nyuma kuna nini? Nyuma si ni wewe?"

Watu wa benchi walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Lakini huyohuyo ndiye niliyemwendea kwa kazi ya intakula, maana kwa moto wa gesi mkono wake ulikuwa mtulivu. Simnyimi haki yake.

Intakula niliitoa kwenye kilori cha Kijapani kilicholaliwa na trela ya miwa na kuachwa mtaroni. Ya alumini, mapezi yake, yale mabati membamba ya kupoza, mazima, imepona pale ambapo kila kitu kingine kilipondeka. Nilikata bampa ya stesheni, nikaifunga chini mbele, mahali upepo unapoingia wa kwanza kabisa. Mabomba tulikata ya ekzosi, tukayakunja na kuyaunga, moja likitoka kwa turbo kushuka, jingine likipanda kurudi kwa injini. Mipira ya kuungia nilichukua ya rejeta ya trekta, kwa sababu hiyo ni minene. Wakati wote huo benchi halikunyamaza.

"Ati umeiwekea gari friji?"

"Weka na soda humo, tukunywe baridi!"

"Ngojeni," nikawaambia. "Nyinyi ndio mtakuja kuniomba niwafungie."

Nilipoiwasha na kukanyaga mafuta, mpira mmoja ulichomoka kwa mlio kama wa bunduki na kuku wa jirani wakapanda juu ya paa. Benchi lilipiga makofi. Nikaurudisha, nikaubana kwa bano mbili. Kisha nikafungua pampu ya dizeli kidogo, maana hewa baridi inataka chakula zaidi. Nikaipeleka mpaka Kaimosi peke yangu. Mlimani nilikanyaga, na mama yangu wee, ile gari ilivuta! Moshi ulikuwa mwembamba kama wa sigara. Mshale wa joto ulilala katikati haukutikisika. Nililipita basi. Nilipiga honi mlima mzima na hakuna aliyekuwa njiani.

Wakaja, ndiyo. Wenye pikapu wote waliokuwa wakicheka walikuja mmoja mmoja. Lakini hiyo si hadithi.

Safari ya kwanza na pazia tulitoka kabla ya jua. Nilikaa kwenye usukani nikitazama mbele tu. Nikasikia mlango wa nyuma, nikasikia gari ikilemewa upande, mke wangu akiguna, mikeka na blanketi zikipangwa. Kisha sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia karibu hivyo, nzito, ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya shamba:

"Mwambie mwenye gari tumekaa."

Mke wangu akasema, "Mama anasema tumekaa."

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesikia."

Hivyo ndivyo tulivyozungumza. Kila neno lilipita kwa mke wangu, ingawa sote tulisikia. Na yeye, mgonjwa kama alivyokuwa, hakuweza kubeba maneno bila kuyatia pilipili.

"Mwambie mwenye gari hii njia ina mashimo."

"Mama anasema wewe ndiye uliyechimba mashimo."

"Wee! Sikusema hivyo!"

"Mwambie mama," nikasema, "mashimo ni ya trela za miwa, na miwa ni yao watu wa Butere."

Nikasikia mtu mzima akizuia kicheko. Mama mkwe alikuwa na miwa yake, ekari zake, alilima mwenyewe baada ya kufiwa na mumewe, na wakataji walimwogopa kuliko karani wa kiwanda.

Mlimani akasema, "Mwambie mwenye gari, hii gari inapandanga hivi? Ama inaruka?"

Mke wangu hakuongeza kitu. Alisema tu, taratibu, "Mama anauliza kama inaruka." Kisha akasema yake: "Baba Watoto, umeipa pumzi kweli. Mimi je?"

Nikamwambia ndiko tunakokwenda.

Kadi yake ilikuwa ya juu kabisa. Niliiona kwa macho yangu. Nilitaka kumwonyesha kila mtu kwenye foleni. Daktari alikuwa mpole, hakuwa na haraka. Alimpima, akatazama picha za moyo, kisha akaniita kando, mimi peke yangu. Akasema dawa zitatoa maji miguuni, zitampa usingizi kidogo. Moyo wenyewe haurudi.

"Kuna kwingine?" nikamuuliza. "Nairobi? India? Nina shamba."

"Kungekuwako, ningekwambia," akasema. "Usiuze shamba."

Mimi ni mtu wa kufungua kitu nikaona kilichokatika. Nilisimama pale nikisubiri aniambie kipuri gani. Hakuna. Tukarudi nyumbani na mfuko wa dawa na gari inayovuma kama siku ilipotoka kiwandani.

Tukaendelea kwenda. Mke wangu alitaka kwenda, kwa sababu kila mara alirudi na matumaini ya siku chache. Mama yake alitaka. Mimi nilitaka kuliko wote, maana njiani kulikuwa na jambo ninaloliweza. Nyumbani sikuwa na kazi ila kusikiliza pumzi.

Wakati wa uchomaji wa miwa intakula ilianza kuziba. Masizi na vipande vya majani makavu vinaruka juu ya barabara kama mvua nyeusi, vinanata kwenye mapezi kwa sababu ya utamu wa vumbi, na hewa haipiti. Nilikuwa naing'ang'ania kwa brashi ya waya nikipinda mapezi. Asubuhi moja natoka nje, nakuta mbele ya mlango wa gereji kitu chini: manyoya ya bawa la kuku, yamefungwa kwa katani kwenye mpini wa mti, yamesawazishwa vizuri. Nikainua macho. Upande wa migomba majani yalikuwa yanatikisika.

Sikuambiwa kitu. Nilikichukua nikakijaribu. Manyoya yanaingia kati ya mapezi yanatoa taka yote bila kupinda hata moja. Tangu siku hiyo sijawahi kutumia kingine. Na nimewafundisha mafundi wengi, nikawaambia nilibuni mwenyewe, mpaka leo ninapoandika haya.

Gari ilizidi kupona na mke wangu akazidi kuisha. Niseme tu kama ilivyokuwa. Nilirekebisha pampu tena, nikapata bano bora, nikatengeneza kinga ya bati ya kuelekeza upepo. Kila juma mlima ulikuwa mfupi zaidi. Na kila juma sauti nyuma ya pazia ilipungua. Mwanzoni alibeba hotuba nzima ya mama yake na kuiongeza. Baadaye akabeba nusu. Baadaye mama akisema maneno kumi, yeye anasema, "Anasema sawa." Kisha ikawa mama anasema, mimi nimesikia, yeye anasema, "Mm," na hiyo "mm" ilitosha kuwa daraja. Bila hiyo tusingeweza kujibizana. Tuliingoja.

Safari ya mwisho asubuhi ilikuwa na ukungu na baridi, hewa ambayo injini inaipenda. Walikaa. "Mwambie mwenye gari tumekaa." Tukangoja. "Mm." Nikaondoka.

Tulipita Kaimosi jua likianza kupenya. Nilikamata mlima kwa gia ya tatu na sikushuka. Mbele yetu kulikuwa na lori la majani chai, nikalipita kama limesimama. Nakwambia, sijawahi kuendesha gari iliyovuta hivyo, wala kabla wala baada. Turbo ililia sauti moja, nyembamba, safi. Nikawa nahesabu kichwani: tukifika mapema hivi, kadi ya kwanza, daktari bado hajachoka, labda leo ataona kitu.

Nyuma kukawa kimya. Kisha mwendo wa nguo. Kisha kimya tena, kirefu.

"Mwambie mwenye gari," mama mkwe akasema.

Nikangoja ile "mm". Haikuja.

"Mwambie mwenye gari," akasema tena, "apunguze mwendo. Mwambie hatuna haraka tena."

Nilisikia kila neno. Mguu ulibaki juu ya mafuta. Gari iliendelea kuvuta, haina habari. Mlima ule hauna mahali pa kugeuzia, upande mmoja ukuta wa mawe na mwingine bonde, kwa hiyo ilinibidi nipande mpaka juu. Nilipanda polepole, gia ya pili, na mshale wa joto haukusogea.

Nikasema, "Mwambie mama nimesikia."

Juu, mahali malori ya chai yanapogeuzia, niligeuza. Sikufungua pazia. Sikumwona mke wangu. Alikuwa mapajani mwa mama yake, na hapo si mahali pa macho yangu. Nilizima injini kidogo nikashika usukani. Yule mama hakupiga ukemi, lile yowe la msiba. Kwetu ukemi unapigwa nyumbani, watu wakisikia. Nikawasha tena.

Tulianza kushuka, na akaanza kusema. Alisema na binti yake njia yote.

"Mwambie ale. Mwanaume akifiwa hali."

"Mwambie mama nimesikia."

"Mwambie asiwaite watoto kwa simu kabla hajaketi chini."

"Mwambie mama nimesikia."

"Mwambie nilikataa asikuoe. Nilisema mtu wa spana, hana shule. Mwambie sasa nimeona."

Trela tupu za miwa zilikuwa zinapanda kutukabili, madereva wananipungia mkono kwa sababu wanaijua gari. Nikawapungia.

"Mwambie mama," nikasema.

Sikumaliza. Hakuniuliza nilitaka kusema nini.

Tuliingia Lurambi jua limepanda. Benchi la gereji lilikuwa limejaa, wakasimama kwa shangwe, wakidhani tumekwenda na kurudi kwa muda huo, mmoja akapaza sauti, "Hiyo si gari, ni ndege!" Nikasimamisha uani, nikatoka, nikaenda mpaka nyuma ya nyumba nikageukia ukuta, ili aweze kushuka bila kunikuta. Hapo ndipo nikasikia ukemi.

Baada ya mazishi alirudi Butere. Nilikuwa nimefua pazia, nimejaza dizeli, nimepiga mapezi kwa manyoya, gari inanguruma langoni. Nilitaka kumpeleka. Alitoka kwa njia ya migomba na mzigo wake kichwani, akasimama mbali, uso umeelekea barabarani. Nami nikasimama, uso umeelekea gari. Tulikaa hivyo. Palikuwa na mambo ya kusema pande zote mbili, lakini hapakuwa na wa kumwambia amwambie mwenzake. Mwisho alianza kutembea kuelekea stendi.

Niliiacha gari ikinguruma mpaka alipopotea, kisha nikaizima. Iko hadi leo nyuma ya gereji, inawaka mara moja ukigusa ufunguo. Sijaipandisha mlima tena.